Wati Ishirini na Moja za Yakini

Ziko nchi ambazo mtu huzifikia kwa nauli na pasipoti, na ziko ambazo huzifikia kwa kujiamini kupita kiasi. Yakini ni ya aina hii ya pili, kwa hiyo usiulize njia. Ukiona umeanza kusema mambo mazito bila kusita hata kidogo, jua mpaka hauko mbali. Mwalimu Rajabu Shebuge, anayefundisha hesabu katika chuo cha ufundi ambacho kwa kukistahi hatutakitaja, alijikuta huko siku ile aliyowaambia wanafunzi wake kwamba jibu lililoko ubaoni halina haja ya kuhakikiwa. Alipogeuka kufuta ubao, ubao haukuwepo. Palikuwa na lango la mji, na bendi.

Wayakini walimpokea kwa shangwe iliyomtia wasiwasi. Shebuge alikuwa mtu wa makamo aliyepigwa na umeme mara nyingi kuliko alivyopandishwa cheo, na katika maisha yake yote hakuwahi kupokelewa na tarumbeta. Walimvisha kanzu mpya, wakamchinjia mbuzi, wakampa chumba cha ghorofani chenye dirisha linalotazama uwanja wa mji. Katikati ya uwanja palikuwa na kiti kikubwa cha shaba, kimeng'arishwa hadi kinamrudishia mtu sura yake. Alipouliza ni cha mfalme gani, mwenyeji wake alimwambia kwa adabu kwamba hicho ni kiti cha wageni. Mwalimu akalala akiwa ameridhika na nafsi yake, na ndiyo njia ya kawaida ya kulala katika nchi hiyo.

Siku zilizofuata alizunguka mji na kujifunza desturi zake. Yakini ni nchi ya vipimo. Kila kitu kina kipimo, kila kipimo kina ofisi, na kila ofisi ina mtu anayeitwa Mshika Sindano. Kazi yake ni hii: sindano ya mita, kama anavyojua yeyote aliyewahi kuitazama, haitulii. Inatetema, inapanda kidogo, inashuka kidogo, kama mtoto aliyeambiwa akae kimya mbele ya wageni. Wayakini waliona tabia hiyo ni utovu wa nidhamu. Basi wakaweka mtu mwenye kidole kilichofunzwa, akavalishwa kifuko cha hariri kwenye kidole hicho, akaambiwa aishike sindano isitikisike. Na kwa kuwa ni lazima aishikie mahali fulani, huishikia penye namba ya mviringo, maana namba zenye sifuri mwishoni ndizo zenye heshima.

Cheo hicho ni kikubwa. Mshika Sindano hapiki, hafui, wala hasalimii kwa mkono wa kazi. Akitaka kujikuna ana msaidizi wa kumkuna.

Matokeo yake ni nchi iliyonyooka kuliko rula. Sokoni, muuza samaki akipima samaki akazidi kilo, hukata mkia na kuula hapo hapo ukiwa mbichi, ili aseme kweli. Mama mjamzito hupewa tarehe na ofisi, na mtoto akitangulia kuzaliwa, watu hupita mbele yake bila kumwona mpaka tarehe ifike, ndipo wanaleta zawadi. Shebuge alimwona kichanga mmoja wa namna hiyo akilia kwa nguvu zake zote, na bibi yake amekaa pembeni akisema nyumba imepoa siku hizi, wanasubiri mgeni.

Mambo haya yote yalimchekesha. Kilichomfanya aache kucheka ni sheria.

Yakini ina sheria moja kuu, nayo imechongwa juu ya mlango wa baraza: kila kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ni mmoja. Likitokea kosa, haliwezi kugawanywa, haliwezi kukaa bila mtu, wala haliwezi kuwa la ofisi, kwa sababu ofisi zina washika sindano na sindano hazikutikisika. Sasa ikiwa hakuna Myakini anayekosea, na kosa lazima liwe na mtu, basi unaona mwenyewe kwa nini mgeni anapigiwa tarumbeta.

Aliyemfungulia macho ni Bi Chachu, mwokaji mkuu wa mji, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto. Alimpelekea mkate chumbani, akamtazama akila, akamhurumia.

"Kula, mwanangu. Mgeni wa kabla yako alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa. Alibeba kosa la daraja."

Shebuge akauliza kama mfanyabiashara huyo ndiye aliyejenga daraja. Bi Chachu akasema hapana, daraja lilikuwa limeshajengwa likapungua hatua moja kufika ng'ambo, kabla huyo bwana hajafika nchini. Alijitetea kwa tarehe. Baraza likazichunguza tarehe zile kwa makini, likaona ni kweli zinapingana na hukumu, likazifuta. Akakalishwa kwenye kile kiti cha shaba, ambacho chini yake kuna koili ya umeme, yaani waya wa kutoa joto, na joto likawekwa sawa na ukubwa wa kosa. Leo ni mzima, anafanya kazi sokoni, lakini hakai. Hata chakula anakula amesimama, na akipigiwa mluzi na yeyote anaitikia, "Ni mimi."

Mwalimu akatazama tena dirishani. Kiti kiling'aa vizuri sana.

Alikuwa bado anapima urefu kutoka dirishani hadi chini, kwa macho tu, bila kumshirikisha mtu, ilipofika Sikukuu ya Kipimo. Siku hiyo huokwa mkate mmoja mkubwa kama gurudumu la trekta, unakatwa hadharani, na kila raia hupata kipande kilicho sawa na cha jirani yake. Tanuri la umeme lilikuwa limetengenezwa upya kwa ajili hiyo. Baraza liliamuru liwe na nguvu ya wati elfu mbili, si zaidi, si pungufu. Ofisi ya Volti ikapima msukumo wa umeme, ikasema ni volti mia mbili. Ofisi ya Ukinzani ikapima koili inavyouzuia umeme kupita, ikasema ni omu ishirini. Ukizidisha volti kwa volti, ukagawanya kwa omu, unapata elfu mbili kamili. Bendi ikapiga. Mkate ukaingia.

Ulitoka mweusi kama kilichobaki baada ya moto wa kambi.

Jaji Ndivyo, mzee mrefu aliyekuwa na mazoea ya kumaliza sentensi za wenzake kabla hawajaamua wanataka kusema nini, alitazama nyuma ya magunia ya unga, mahali ilipokuwa mita ya kuhesabia umeme. Mita hiyo ilisahauliwa huko kwa kuwa haikuwa na sindano. Ilikuwa na tarakimu za kuzunguka, na kidole hakikuwa na pa kushika. Ilionyesha kwamba tanuri lilikula wati elfu mbili mia tatu ishirini na moja. Zilizozidi, mia tatu ishirini na moja, ndizo zilizounguza sikukuu ya taifa.

Jioni hiyo hiyo Mwalimu Shebuge alishitakiwa. Alieleza kuwa wakati mkate unaingia tanurini alikuwa amelala.

"Ulikuwa umelala wapi?" Jaji akauliza.

"Chumbani, Mheshimiwa."

"Chumba kiko nchi gani?"

"Yakini."

"Ndivyo," akasema Jaji, akaandika.

Kisha akamweleza, kwa upole wa daktari, kwamba sheria inampa mbeba kosa ombi moja kabla ya kukalia kiti. Wengi huomba kuku. Akamweleza pia, kwa sababu haki ni haki, kwamba akionekana hana kosa, basi kosa litahamia kwa aliyegusa mkate mwisho, yaani Bi Chachu. Bi Chachu aliyasikia hayo akiwa amesimama karibu na mlango na unga mikononi. Wati mia tatu ishirini na moja chini ya mtu si kitu cha mzaha. Pasi ya kulehemu nyaya inaanza kufanya kazi mbali chini ya hapo.

Shebuge akafikiri. Kutoroka kulimaanisha kumwachia yule mama kiti. Kukaa kulimaanisha kula amesimama maisha yake yote, naye alikuwa mtu anayependa kukaa. Akaomba ombi lake. Hakuomba kuku. Aliomba watu wote wakutane kwenye tanuri, na kwamba kwa muda wote atakaotaka, kila mtu asimame bila kutikisika, isipokuwa mmoja atakayetajwa.

Ombi hilo liliwafurahisha sana. Kusimama bila kutikisika ndicho kipaji cha taifa.

Kesho yake tanuri lilizungukwa na baraza lote, limesimama kama mistari ya daftari. Upande wa kulia alikuwa Mheshimiwa Hasogei, Mshika Sindano wa Volti, mtu wa kitambi na ukimya, kidole chake kikiwa juu ya mia mbili. Upande wa kushoto alikuwa Bi Thabiti, Mshika Sindano wa Ukinzani, mwembamba, mkali, amefunga kilemba mpaka nyusi zimeinuka, kidole chake kikiwa juu ya ishirini. Shebuge alichukua kipande cha chaki akaandika kwenye mlango wa tanuri.

Aliwaambia kuwa huko kwao kuna hesabu inayoitwa kalkulasi ya vigeu vingi, na kwamba jina lake linatisha kuliko yenyewe. Kazi yake ni kujibu swali moja la umbeya: katika jambo lenye mikono mingi, mkono wa nani umefanya nini? Na ujanja wake ni kuwazuia wote wasitikisike, ukamwachia mmoja asogee kidogo, ukaona matokeo yamesogea kiasi gani. Kisha unamzuia huyo, unamwachia mwingine. Mwisho unajumlisha.

"Tunaanza na Mheshimiwa Hasogei," akasema. "Inua kidole, mzee wangu."

Hasogei akamtazama Jaji. Tangu apewe cheo kile hakuwahi kuinua kidole mbele za watu. Hata akilala, mtoto wa dada yake alikuwa akimshikia. Jaji akasita, lakini ombi ni ombi. Kidole kikainuka. Sindano, kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, ikaruka, ikatetema, ikaenda kuchezacheza penye mia mbili na kumi.

Mnong'ono ukapita barazani, ingawa hakuna aliyefungua mdomo. Bibi mmoja akazirai akiwa amesimama vile vile, na kwa kuwa alikuwa mwaminifu kwa amri, hakuanguka.

Mwalimu akapiga hesabu kwa sauti. Omu zikibaki ishirini kama zilivyotangazwa, kila volti moja inayozidi pale kwenye mia mbili inaleta wati ishirini. Zimezidi volti kumi. Basi mkono wa Mheshimiwa Hasogei umeleta wati mia mbili. Akamwomba arudishe kidole, akamgeukia Bi Thabiti.

Bi Thabiti alisema kuwa yeye hainui kidole kwa ajili ya mtu aliyekuja mjini bila mke. Jaji akakohoa. Kidole kikainuka, na sindano ikateremka kutoka ishirini, ikatulia kwa kutotulia penye kumi na tisa. Shebuge akaandika: volti zikibaki mia mbili, kila omu moja inayopungua pale kwenye ishirini inaleta wati mia moja. Imepungua omu moja. Wati mia moja.

Sasa Hasogei akapata sauti. Alikuwa ameifikiria hoja yake tangu sindano iliporuka, na aliitoa kwa ufasaha uliomstaajabisha mwenyewe. Alisema: mgeni ametuonyesha kwamba sindano yangu imepanda na ya Bi Thabiti imeshuka. Kitu kilichopanda na kitu kilichoshuka vinafutana. Kwa hiyo kosa ni sifuri, na kwa hiyo mkate haukuungua.

Baraza lilipumua. Hoja ilikuwa nzuri, ilikuwa fupi, na haikumgusa mtu. Mjumbe mmoja akapendekeza ipigiwe kura, ikapigiwa, ikapita bila kupingwa: mkate haukuungua. Hapo Bi Chachu akaenda kwenye meza ulipowekwa mkate ule, akavunja kipande cha mkate kwa mikono miwili na goti, akakiweka kwenye sahani, akampelekea Jaji Ndivyo.

"Karibu, Mheshimiwa," akasema. "Haukuungua."

Jaji alikuwa mtu wa sheria. Akauma. Mlio uliosikika ulifika hadi uwanjani, na baada yake Jaji alizungumza kwa muda akiwa ameweka kiganja shavuni. Kura ikarudiwa. Mkate ukaungua kwa kauli moja.

Mwalimu akawafafanulia. Si sindano zinazojumlishwa, ni madhara yake kwenye mkate. Volti zikipanda, joto linapanda. Ukinzani ukishuka, umeme unapata nafasi, na joto linapanda vile vile. Mmoja amesukuma mlango kwa ndani, mwingine ameuvuta kwa nje. Mikono imeelekea mahali pamoja na mlango umefunguka. Mia mbili na mia moja.

"Lakini mimi nimezidi sehemu moja katika ishirini," akalalamika Hasogei, "na yeye amepunguza sehemu moja katika ishirini. Makosa yetu ni mapacha. Kwa nini langu lizae mara mbili?"

"Kwa sababu volti inaingia jikoni mara mbili, mzee wangu. Kwanza inaongeza umeme unaopita. Halafu inausukuma umeme huo uliokwisha ongezeka, kwa nguvu iliyokwisha ongezeka. Ndiyo maana kwenye hesabu imezidishwa kwa yenyewe. Ukinzani unaingia mara moja tu, unakaa."

Bi Thabiti akasema kwamba siku zote amejua ofisi ya volti inaingia jikoni mara mbili; ukiangalia kitambi utaona. Watu waliokatazwa kutikisika walipata taabu kubwa.

Shebuge alikuwa ameanza kujiona amepona. Alishusha chaki, akapangusa mikono, akamkonyeza Bi Chachu. Hapo ndipo Jaji Ndivyo, kiganja kikiwa bado shavuni, aliposogea karibu na mlango wa tanuri na kusoma mstari kwa mstari kwa kidole.

"Mia mbili na mia moja ni mia tatu," akasema polepole. "Mkate umeunguzwa na mia tatu ishirini na moja. Hizi ishirini na moja ni za nani?"

Katika nchi nyingine mtu angesema mia tatu na mia tatu ishirini na moja si mbali, akaenda kunywa chai. Yakini si nchi nyingine. Jaji akakumbusha sheria: hesabu isiyofika si hesabu. Kama zile ishirini na moja hazina mwenyewe, basi mlango wa tanuri utafutwa, kesi itarudi ilikoanzia, na mgeni atakalia zote.

Hasogei ndiye aliyemsogelea Shebuge, na alimsogelea kwa urafiki. Akamnong'oneza kwamba Bi Chachu aliufunga mlango wa tanuri kwa kishindo. Kishindo ni kitu. Mtu mwenye chaki na elimu anaweza kukiandika kishindo kikawa wati ishirini na moja, nani atabisha? Mwanamke mwenyewe ni mnene, ishirini na moja atazisikia kama jua la asubuhi, na kila mtu atakwenda nyumbani.

Mwalimu akamtazama Bi Chachu. Bi Chachu alikuwa amekisikia kila kitu, maana Hasogei hakuwa na mazoezi ya kunong'ona. Hakuomba. Alifuta tu mikono kwenye aproni, mara ya kwanza, mara ya pili, kama mtu anayejiandaa kuitwa.

Basi Shebuge akaomba donge la unga uliokandwa. Akalilaza mezani, akalifanya mraba. Akalivuta upande wa kulia likaongezeka utepe. Akalirudisha kuwa mraba, akalivuta upande wa mbele likaongezeka utepe mwingine. Halafu akalivuta pande zote mbili kwa pamoja, na watu wakaona: palikuwa na utepe wa kulia, utepe wa mbele, na pale kwenye pembe, kipande kidogo ambacho si cha utepe huu wala ule.

"Nilimwachia mmoja mmoja asogee," akasema. "Tanurini walisogea wote kwa pamoja. Tena, nilisema kila volti inaleta wati ishirini. Ni kweli pale mlipoanzia. Ukishafika mia mbili na kumi, hata hicho kiwango kimesogea, kila volti inaleta zaidi. Njia yangu haivioni vitu hivyo. Inafaa sana kwa makosa madogo, na haya ya kwenu yamekua kidogo. Kwa hiyo ile pembe si ya Mheshimiwa, si ya Bi Thabiti, na si ya mama huyu."

"Ni ya nani?"

Mwalimu aliwahi kushika waya wenye umeme akiamini umezimwa. Hisia ilikuwa kama hii, tofauti ni kwamba sasa alijua haujazimwa.

"Ni ya njia yangu ya kuhesabu. Na njia nimeileta mimi. Andika ishirini na moja, jina Shebuge."

Hakuna mtu katika kumbukumbu za Yakini aliyewahi kulitaja kosa akaliita langu. Karani wa baraza alisimama na kalamu hewani kwa kuwa hakujua neno hilo linaandikwa kwenye safu gani. Aliyeamka kwanza alikuwa Hasogei, naye aliamka kwa furaha. Akapaza sauti kwamba mgeni amekiri, na sheria ni kavu: kosa lina mwenyewe mmoja. Amejitokeza mwenyewe. Apelekwe kitini na mia tatu ishirini na moja zake, na sindano zirudi zilipokuwa.

Wengi walitikisa vichwa kukubali, wakakumbuka, wakaacha. Shebuge akaangalia mlango wa kutokea, akaona umbali wake, akaona na walinzi.

Jaji Ndivyo alikuwa mtu mgumu, lakini alikuwa Myakini hadi ndani ya mifupa, na kuna jambo lilikuwa linamkera kuliko jino. Hatimaye akasema kuwa amemsikia mgeni akikiri, na alichokiri ni ishirini na moja. Kumwandikia mtu aliyesema ishirini na moja kwamba amesema mia tatu ishirini na moja ni kuongeza kipimo kwa mia tatu, na kuongeza kipimo hata kwa moja ni jinai. Hawezi. Na kama hawezi, basi zile mia tatu zilizobaki zina wenyewe wao pale mlangoni kwa chaki, kila mmoja na zake. Sheria ya mwenyewe mmoja ataivunja leo kwa masikitiko, kwa kuwa ya kipimo ni kubwa zaidi. Kila mtu atakalia alizoleta.

"Ndivyo?" akauliza Bi Thabiti, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Ndivyo."

Wakatoka hadi uwanjani, mji mzima nyuma yao, na bendi pia, kwa kuwa hakuna aliyeiambia isije. Shebuge alikaa kwanza. Koili ikawekwa kwenye ishirini na moja. Alikunja uso akisubiri, akasubiri tena, kisha uso ukakunjuka. Ilikuwa kama kukaa mahali alipotoka kuku anayelalia mayai. Alikaa muda wote aliopangiwa, akaomba chai, na walipomwambia muda umekwisha aliuliza kama hakuna wati nyingine ndogo zilizobaki. Yule mfanyabiashara wa vitambaa, aliyekuwa amesimama pembeni na mzigo kichwani, alimtazama kwa muda mrefu, halafu akawauliza walinzi, kwa sauti ya mtu ambaye hajauliza kitu siku nyingi, kama na lile daraja linaweza kupigiwa hesabu hii.

Akafuata Bi Thabiti na mia moja zake. Yeye alikaa wima, kilemba kikiwa juu, na hakutoa mlio wowote isipokuwa kwamba mwishoni aliinuka haraka kidogo kuliko cheo chake kinavyoruhusu. Watu wakampigia makofi. Ilionekana hilo lilimuumiza kuliko kiti.

Kisha likaitwa jina la Mheshimiwa Hasogei.

Alikuja taratibu. Alikunja kanzu nyuma kwa uangalifu, akageuka, akaanza kushuka kuelekea shaba ile, na akiwa amefika katikati, si kukaa si kusimama, macho yake yaliangukia mita ya kiti. Sindano yake ilikuwa penye mia mbili, imetulia tuli. Juu yake palikuwa na kidole chenye kifuko cha hariri, kidole ambacho yeye mwenyewe alikifunza kazi, cha mtoto wa dada yake.

Akabaki ameinama hapo hapo. Jasho likamtoka kabla koili haijawashwa.

"Mjomba," akasema yule kijana kwa fahari, "nimeishika barabara. Mia mbili, haitikisiki."

"Naona," akasema Hasogei. "Mwanangu, toa kidole."

"Mjomba?"

"Nakuomba. Toa kidole."

Kijana akamtazama Jaji, Jaji akatazama pembeni, kidole kikainuka. Sindano ikaruka kwenda mbele, ikarudi, ikapanda tena, ikatetema huku na huko juu ya mia mbili kama inayotafuta mtu kwenye umati. Mji mzima ulisogea kuitazama. Hasogei naye aliitazama, shingo imegeuka, kitambi kimening'inia juu ya shaba, na kisha akamtafuta Mwalimu Shebuge kwa macho.

"Mwalimu," akasema, "itasimama wapi?"

"Haisimami, mzee wangu," akajibu Shebuge akimalizia chai yake. "Wewe kaa, halafu utuambie."